Bi Swafiya na Kijiko cha Kuonjea

Bi Swafiya, mpishi mkuu wa nyumba yetu ya wazee hapa Nyamirambo, anastaafu tarehe 30 Juni 1992, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Mimi, muuguzi Béatha, nimeombwa kuandika wasifu wake, na nasema mapema kwamba kuna jambo moja nisilolielewa hata sasa.

Aliajiriwa kufua mashuka. Siku moja mpishi wa zamani aliondoka bila kuaga, wazee wakiwa wameshakaa mezani. Swafiya akajifunga kanga, akaingia jikoni, na hakutoka tena. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Daktari aliitwa mwanangu, padri aliitwa mwanangu, na wote waliitika. Maharage yake yalisifiwa sana, na msifiaji wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe.

Sisi wauguzi tulimsumbua. Tulitaka chumvi na mafuta vipungue, mchicha, ambao hapa tunauita dodo, matunda na samaki viongezeke, maana tulifundishwa kwamba mzee asiyekula vizuri hata moyo wake huzama. Alinuna, kisha akapika tulivyotaka. Presha za wazee zilishuka kweli. Huzuni ya Mama Xavérine haikushuka.

Mama huyu alitufikia mwishoni mwa 1990 akitokea Byumba, kaskazini, ambako vita vilikuwa vimeanza, mwanawe hajulikani aliko. Alilala akitazama ukuta. Hakusema neno, chakula alikigusa tu, na kufikia Machi tuliogopa kwamba tungemzika.

Ramadhani ikaingia. Swafiya akifunga, hata kuonja kwa ncha ya ulimi hukataa, kwa hiyo kila mwaka mwezi huo chakula chetu huharibika: leo maji matupu, kesho chumvi tupu. Kazi ya kuonja huwapa wazee, nao huigombania, kila mmoja na ulimi wake. Mwaka ule muonjaji wake, Mzee Kubwimana, alikuwa na homa. Swafiya akabeba kijiko cha mchuzi mpaka kitandani kwa Xavérine, akasimama pale akilalamika kwamba watu wana njaa na yeye ana swaumu. Xavérine akageuka, akaonja.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwetu. Wiki ya pili alikuwa jikoni, anachambua maharage na kumgombeza mpishi, na sahani ya chakula kibaya akaimaliza. Nilichanganyikiwa. Tulimpikia vizuri akakonda, tukampikia vibaya akanenepa. Ni chumvi? Ni kiti cha jikoni? Ni ule ugomvi? Daktari naye alikuna kichwa tu.

Idi ikapita, Swafiya akaanza tena kuonja mwenyewe, chakula kikawa kitamu, na Xavérine akarudi kutazama ukuta. Ndipo Swafiya akafunga siku sita za Shawali, mwezi unaofuata Ramadhani, na kijiko kikarudi kitandani. Sita zikaisha, kijiko kikaendelea. Tulidhani bado anafunga, mpaka Alhamisi moja nilipomkuta nyuma ya jiko na chai na andazi. Nilipomuuliza, alisema ulimi wake umezeeka, hauonji tena. Sijui nimwamini vipi, maana muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameirudisha chai hiyohiyo kwamba haina sukari ya kutosha.

Arnaud, mpishi mpya, ni Mkatoliki, tena mlaji. Tumemweleza kwamba kuanzia kesho ulimi wake nao umezeeka. Ametukubalia bila kuelewa, na sisi wenyewe hatukuweza kumfafanulia zaidi.

Bi Swafiya, asante kwa kila sufuria, na kwa kelele zako. Tutakukumbuka sana, na tunakuombea afya na usingizi mtamu wa mchana. Mama Xavérine alipoambiwa unakwenda kuishi peke yako Gatsata, aliacha kula, tukaogopa. Kumbe alikuwa anawaza. Jioni aliuliza, kwa ulimi wako huo uliozeeka, huko nani atakuonjea. Kwa hiyo kila Alhamisi tutamleta, na kijiko chake.