Pu Rokima, Aliyetangaziwa Kifo Mara Mbili

Baba yetu, Pu Rokima, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 hapa Lunglei. Alisoma hadi darasa la sita, akaacha shule ili alime tangawizi na babu.

Mwaka 1978 alikabidhiwa kipaza sauti cha mtaa, cha kutangazia habari. Akitangaza msiba, vijana waliacha chakula kwenye sahani, wakabeba majembe na sururu kwenda kuchimba kaburi. Mwaka 1980 alitangaza nguruwe aliyepotea, na papo hapo akatangaza kuwa Zothangi amekubali kuolewa naye. Alikuwa hajamuuliza. Mama alimnunia wiki mbili, kisha wakafunga ndoa tarehe 5 Desemba. Hilo ndilo tangazo lake pekee lililotangulia ukweli.

Kisha ninyi majirani mkapata simu. Mkasema kipaza sauti ni kelele, mkafungua kundi la mtaa humo simuni, na kila mmoja wenu akataka awe wa kwanza kujua na wa kwanza kuonekana akihuzunika. Mwaka 2019 Baba alikizima bila kubishana.

Tarehe 3 Machi mwaka huu alipatwa na kiharusi. Jirani yetu, Pi Hmingi, alimwona akipakiwa garini, akaandika kundini kuwa amefariki. Zikamiminika rambirambi mia mbili na kumi na mbili! Nilimsomea hospitalini akinywa chai.

"Hebu rudia ya yule kijana Biaka."

"'Tumepoteza nguzo ya mtaa.'"

"Nguzo? Si juzi tu kaniita mzee wa makelele? Ningejua, ningekufa mapema."

Pi Hmingi nilipomuuliza alisema, "Jamani, si nilitaka tu kuwahi kuwajulisha?" Hakulifuta tangazo lake. Lilikuwa limependwa sana.

Baba alifariki kweli tarehe 19 Machi, nyumbani. Niliandika kundini nikiomba wachimbaji. Biaka akajibu, "Hii si ya zamani? Pole tulishatoa." Nikaenda kukipangusa vumbi kipaza sauti, nikaita wachimbaji. Walikuja sita, mdogo wao ana miaka sitini na moja, wakachimba kutwa nzima.

Naandika haya kabla ya maziko, lakini najua mtajaa hapa mmeinua simu. Nawadharau, na sioni haya kulisema mbele ya jeneza.

Ameacha mjane, Zothangi, mimi bintiye, Lalrinpuii, wajukuu wawili, wazee sita wenye malengelenge viganjani, na wanakundi mia mbili na kumi na mbili waliokwisha kumlilia.

Pumzika kwa amani, Baba. Safari hii ni kweli.