Bi. Moza Likwata na Simu ya Dirishani

Ifikapo tarehe 30 Juni 2007, Bi. Moza Likwata atakuwa ameitumikia Shule ya Sekondari ya Wasichana Mpingoni kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Amefanya kazi chini ya wakuu wa shule sita, amepiga chapa mitihani ambayo hakuna anayeweza kuitaja idadi yake, na amepokea simu. Hilo la mwisho ndilo lililomjengea jina. Ndilo pia lililonifanya niombe kuandika wasifu huu mimi, badala ya Makamu Mkuu wa Shule, ambaye ana kalamu nzuri kuliko yangu lakini hakuwapo siku ile ya Mei 2005.

Bi. Moza alizaliwa Njinjo mwaka 1947, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na ufuta. Alijifunza kupiga chapa mjini Lindi, na tarehe 1 Machi 1980 akaripoti hapa kama mpiga chapa. Wiki ya pili akapewa na simu, kwa sababu karani aliyekuwapo alikuwa akiiogopa.

Simu yenyewe ilikuwa ile nyeusi ya kuzungusha mkono. Ukizungusha, anaitika opereta wa kituo cha simu cha Masoko, naye ndiye anayekuunganisha. Opereta yule alizijua sauti za nusu ya wilaya. Mtu asingeweza kujifanya mkaguzi wa shule wakati mkaguzi mwenyewe kaonwa asubuhi hiyo hiyo akichagua samaki changu sokoni. Kisha yakaja mageuzi. Posta ikaenda kwake na simu ikaenda kwake, ikaletwa mitambo inayojiunganisha yenyewe, na maopereta wakapunguzwa kazini. Walimu tulishangilia, maana sasa tungepiga Dar es Salaam bila kuombana na mtu. Bi. Moza hakushangilia. Alisema, "Nyumba imepata mlango mpana, lakini bawabu ameachishwa."

Tangu siku hiyo akaamua kuwa bawabu mwenyewe.

Alianza na namna ya kuitika. Wengine wote tulikuwa tukiinua mkono wa simu na kujitaja: shule fulani, mwalimu fulani anaongea. Yeye aliuliza tu, "Nani mwenzangu?" kisha akanyamaza. Ukimuuliza wewe kwanza yeye ni nani, alijibu kwa upole, "Aliyebisha hodi ndiye anayejitaja." Wanafunzi wakampachika jina la Bi. Mwenzangu, na sijui kama kuna mhitimu wa Mpingoni anayelijua jina lake la pili.

Mwaka 2003 mnara wa simu ulisimama Nangurukuru, na Bodi ya Shule ikatununulia simu ya mkononi. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, dirisha la ofisi linalotazama jiko. Fundi wetu akatengeneza kisanduku cha mbao, akakipigilia misumari kwenye kizingiti cha dirisha, simu ikakaa humo kama ndege kwenye tundu. Bi. Moza akaingiza namba za wazazi mia mbili na kumi na nane, moja moja, kwa kidole cha shahada, na kila jina akaliandika pamoja na mahali: Majid Mingoyo, Dionis Njinjo, na kadhalika. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa.

Simu ile ilileta heri nyingi, ikaleta na usumbufu wake. Watu wasiojulikana walibipu kuanzia kengele ya kwanza. Ujumbe ukaja wa kutisha, eti mtume kwa watu saba la sivyo nyumbani kutatokea msiba, na mabweni mawili yakalia siku nzima. Bi. Moza aliomba nafasi mstarini asubuhi, akausoma ujumbe ule kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma ratiba ya chakula, kisha akaufuta mbele ya shule nzima. Akasema, "Sasa msiba uanze na mimi. Nyumbani kwangu mnakujua." Msiba haukuja. Kilichokuja ni harusi ya mpwa wake.

Mpishi wetu, Sipriani, naye alipata ujumbe kwamba ameshinda gari, atume tu namba za vocha tatu ili jina lake lithibitishwe. Alikuwa ameshazikwangua mbili. Bi. Moza alimuuliza swali moja, "Sipriani, hukucheza. Umeshindaje?" Sipriani alifikiri, akacheka mwenyewe, akaziingiza vocha zile kwenye simu yake, na wiki ile ndugu zake wote wa Mnazi Mmoja wakasalimiwa kwa kirefu. Alitaka pia kuwajibu wale matapeli kwa matusi. Bi. Moza akamkataza. Alisema ukimjibu mwizi, hata kwa tusi, umemwambia kwamba nyumba ina watu.

Lakini mchango wake mkubwa ni daftari. Siku ya kufungua shule, Januari 2004, alimketisha kila mzazi pembeni na kumtaka achague neno moja la siri. Mzazi akipiga simu kutaka mtoto aruhusiwe kutoka, ataje neno hilo kwanza. Pembeni ya neno aliandika namba ya pili, ya jirani au duka, tofauti na ya mzazi. Wengine waliona ni mchezo. Baba mmoja wa Njinjo, ambaye mahindi yake yalikuwa yameliwa na nguruwe mwitu mwaka ule, alichagua neno "nguruwe" kwa uchungu. Miezi minne baadaye alilazimika kulitamka kwenye duka lililojaa waumini waliotoka kuswali Ijumaa, mara tatu, maana mtandao ulikuwa unakatika. Alikuja mwenyewe shuleni kuomba abadilishiwe.

Hata Mkuu wa Shule hakusalimika. Bi. Fortunata alipiga kutoka Dar es Salaam kwa simu ya kuazima, akitaka stoo ifunguliwe magodoro yatolewe. Neno lake alikuwa amelisahau. Bi. Moza alimsikiliza, akamwambia sauti yake ni nzuri sana na inafanana kabisa na ya Mkuu wetu, kisha akakata. Magodoro yalitoka Jumatatu, Mkuu aliporudi. Wiki hiyo walimu tulipita ofisini kwa kunyata. Siku ya tatu Bi. Fortunata akaagiza walimu wote nao wachague maneno yao.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Ilikuwa Alhamisi, mvua za masika zinamalizikia. Saa nane mchana simu ikaita, na kwenye kioo likatokea jina: Majid Mingoyo. Binti yake, Mwanaasha, alikuwa kidato cha tatu, darasa langu. Nilikuwa ofisini nikitafuta chaki, na simu ile ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mwanamume upande wa pili aliongea kwa sauti ya kukauka. Alisema mke wake amefariki asubuhi, maziko ni kesho asubuhi, na gari la kumchukua mtoto limeshafika Nangurukuru.

Bi. Moza akampa pole. Kisha akasema, "Baba, nitajie neno letu."

"Nimefiwa, mama! Unaniuliza mafumbo?"

"Pole sana, baba. Neno."

Yule mtu akafoka, akasema watu wa shule hii hawana utu, akakata.

Nami nikafoka. Sitaficha. Nilimwambia, "Bi. Moza, jina si hilo kwenye kioo? Namba si ya kwake? Unataka nini zaidi?"

Akanitazama. "Mwalimu, kioo kinataja simu. Hakitaji mdomo."

Alipiga namba ile ile, akapokewa na sauti ile ile. Nilihisi nimeshinda. Yeye akafungua daftari, akatafuta namba ya pili: duka la Abdurahmani, Mingoyo. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Nami, kwa kujiona nina huruma kuliko yeye, nikaenda darasani nikamwita Mwanaasha, nikamweleza kwamba mama yake hatunaye tena.

Mwenye binti ataelewa kilio kilichofuata. Wenzake walimfungashia begi. Gari lilikuwa limeshasimama getini, jeupe, lina dereva na mama mmoja aliyejifunga kanga kichwani, akijiita shangazi. Mwanaasha hakumfahamu, lakini ukoo ni mkubwa, na mtu aliyefiwa hahesabu mashangazi. Mama yule alianza kulia kwa sauti kabla hata hajashuka.

Bi. Moza alitoka ofisini akasimama kati ya msichana na geti. Mwanaasha akamshika mikono, akamwambia maneno ambayo bado nayasikia: "Bibi, wanamzika. Wanamzika mama yangu bila mimi. Niache niende."

"Mwanangu, kama ni kweli, nitakupeleka mimi mwenyewe kwa miguu yangu," Bi. Moza akasema. "Kama si kweli, sitakutoa. Nipe robo saa."

Nami nikamwambia, wanafunzi wakisikia, kwamba hana huruma. Alinieleza baadaye kwamba robo saa ile ndiyo ndefu kuliko zote alizopata kuishi, kwa sababu alijua fika anaweza kuwa amekosea. Na akikosea, amemnyima mtoto kumuona mama yake mara ya mwisho, jambo ambalo haliombewi radhi. Hata hivyo alirudi dirishani, akaendelea kupiga.

Mara ya sita Abdurahmani akapokea. Bi. Moza hakumuuliza kuhusu msiba. Alimuuliza tu, "Mke wa Majid yuko wapi?"

Tukasikia akicheka. "Yuko hapa mbele ya duka, anauza mihogo. Nimpe?"

Bi. Moza akaegemea ukuta. Lakini hata hapo hakuacha utaratibu wake. Sauti ya mwanamke ilipoingia, aliuliza, "Neno letu, mama?"

"Makopa," yule mama akajibu, nalo ndilo lililokuwa daftarini. "Shikamoo, Bi. Moza. Kuna nini huko?"

Hakuitikia marahaba. Alimwita Mwanaasha kwa mkono, akamwekea simu sikioni humo humo kwenye kisanduku, msichana akainama dirishani kama anayechungulia kisimani. Alisema "Mama?" mara moja. Kisha akakishika kisanduku kwa mikono miwili, akasikiliza.

Tuligeuka kumtazama shangazi, hakuwapo. Alikuwa ameingia kwenye mashamba ya mikorosho upande wa pili wa barabara. Dereva alibaki, maana yeye alikodiwa tu Mingoyo na hakujua lolote. Aliketi chini kando ya gari lake akishika kichwa, na ndiye aliyewatajia polisi wa Nangurukuru mtu aliyemkodi, na hapo ukweli wote ukajulikana. Bwana Majid alikuwa ameacha simu yake kibandani kuchajiwa. Mtu mmoja aliyemposa Mwanaasha mara mbili, akakataliwa mara mbili, aliichukua kibandani kwa kusema ametumwa na mwenyewe. Alikuwa na jina, alikuwa na namba, alikuwa na gari. Neno ndilo alilokosa. Mengine yalimalizwa mahakamani Lindi, na sina haja ya kuyarudia hapa.

Baada ya siku ile shule kadhaa za mkoa zilituma makarani wao kuja kujifunza. Bi. Moza aliwakalisha kwenye benchi la jikoni, akawafundisha kwa nusu saa, akawapa uji. Aliwaambia haraka ya mpigaji si haraka yao. Aliwaambia anayekukataza kukata simu ili uulize kwingine, huyo ndiye wa kukatiwa. Na aliwaambia wasimwonee aibu mtu yeyote kumtaka neno, awe mkubwa awe mdogo, kwa kuwa mzazi wa kweli hukasirika siku moja na kushukuru maisha yake yote. Karani mmoja akamuuliza kama hachoki kumshuku kila mtu. Alijibu kwamba hamshuku mtu. Anashuku simu.

Katika miaka yake yote hakuna msichana wa Mpingoni aliyetoka getini kwa sauti ya mtu asiye wake. Siku hizi shuleni tunajisifu kwa matokeo ya mitihani, na ni haki yetu. Hili nalo liandikwe kwenye ukuta wa ofisi, tena juu.

Kazi yake anaipokea Bi. Bertha, ambaye amekaa naye miezi mitatu na ameshamkatia simu Makamu Mkuu wa Shule mara moja, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Bi. Moza anarudi Njinjo kwenye ufuta wake. Amesema simu ya mkononi atakuwa nayo, lakini ataizima wakati wa kupalilia.

Limebaki moja ambalo ni langu. Siku ile nilimpelekea mtoto habari ya kifo ambacho hakikutokea, na nilimwita mwenzangu mtu asiye na huruma mbele ya wanafunzi. Jioni yake nilimfuata ofisini nikashindwa kuanza. Alinisogezea kiti, akanimiminia chai, akaniuliza maendeleo ya darasa. Miaka miwili imepita bila mimi kulisema. Bi. Moza, kosa lile niliuambia ukuta, nikamwambia mke wangu na Mungu, sikukuambia wewe. Nisamehe. Nililia na yule mtoto kwa nusu saa nikadhani hiyo ndiyo huruma, kumbe huruma ilikuwa dirishani, inapiga namba kwa mara ya sita.

Ahsante kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, wazazi, na mabinti wote waliopita katika mikono yako. Nenda ukapumzike ukiwa na afya, mvua ikukute shamba limeshalimwa, na Mwenyezi Mungu akuzidishie umri wenye utulivu. Maisha mema, dada yetu.

Mwalimu Dismas Chilumba
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Mpingoni