Haron Muigai na Jagi Lililopanda Ghorofa ya Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Haron Muigai, msimamizi wa kantini ya Kivuli Bima, anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Mimi, Ridhwan Twahir wa Idara ya Madai, nimeombwa niandike wasifu wake usomwe kabla ya chakula. Inaaminika hapa ofisini kwamba watu wa Madai ndio wanaojua kuandika kwa upole habari ambazo hazitampendeza msomaji.

Mzee Muigai alizaliwa Dagoretti, katika ukoo wa wachinjaji. Baba yake alichinja, ami zake walichinja, na yeye mwenyewe alijua kutenganisha mbavu kabla hajajua kusoma. Alipoajiriwa hapa kuwa mpishi alitulisha nyama kwa mapenzi yake yote. Saladi siku hizo ilikuwa kabichi iliyokatwakatwa na kufunikwa mayonezi mpaka hujui kilichozikwa chini. Hakuna aliyelalamika. Tulinenepa kwa amani.

Kisha daktari mmoja akampima presha. Waliyozungumza humo ndani hatuyajui, lakini Jumatatu iliyofuata Mzee alimwaga mayonezi yote ya kantini kwenye sinki, akasimama mlangoni na kututangazia kwamba kuanzia siku hiyo saladi itakuwa saladi, na sosi yake ataitengeneza yeye mwenyewe.

Sosi za mwanzo, tuseme ukweli, zilikuwa mbaya. Ya kwanza ilikuwa na siki nyingi hivi kwamba watu wa Uhasibu walitokwa na machozi hata kabla ya mwisho wa mwezi. Ya pili ilikuwa na kitunguu saumu cha kutosha kufukuza wateja, na iliwafukuza. Shiku wa Uhasibu alianza kubeba pakiti za tomato sosi mkobani na kuzigawa chini ya meza. Siku moja alisimama na sahani yake akauliza mbele ya watu wote: "Mzee, hii majani ni yetu ama ni ya ng'ombe?" Mzee hakuinua hata macho. "Na ng'ombe umeskia ako na presha?" Shiku akaketi, akala.

Mzee si mtu wa kukata tamaa, wala si mtu wa kushauriwa. Aliendelea kuonja na kumwaga hadi akaipata. Hukamua malimau mabichi, akaongeza asali kidogo, tangawizi iliyokunwa, punje ya kitunguu saumu, na chumvi ambayo huitazama kwa chuki hata anapoitia. Mafuta ya alizeti huja mwisho, kidogo kidogo, kisha vyote hufungiwa kwenye chupa na kutikiswa mpaka viwe kitu kimoja kizito cha rangi ya manjano, ndipo humiminwa kwenye jagi la mezani. Dania hukatwa wakati wa kula, si kabla. Hakuna sukari, hakuna unga wa kukoleza, wala kitu chochote chenye jina lisilotamkika. Juu ya letusi, karoti na parachichi, sosi hiyo ilimfanya hata Shiku azisahau pakiti zake. Mzee alijivuna waziwazi, na alikuwa na haki.

Sasa nifike kwenye jagi. Wageni wetu wa leo huenda hawajui kwamba hapa Kivuli Bima hakuna anayetia kitu kinywani kabla ya Mwenyekiti wa Bodi, na Mwenyekiti akishakitia, hakuna anayekunja uso. Ni desturi ya zamani kuliko lifti zetu, na hufanya kazi vizuri kuliko lifti zetu.

Julai ya miaka mitatu iliyopita, Bodi ilikutana ghorofa ya tisa kuamua kama kantini ifungwe na tuwe tunaletewa chakula cha mchana kwenye visanduku na kampuni moja ya Westlands. Kaluki, msaidizi wa Mzee, na wapishi wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kuulizia kazi kwingine. Ilikuwa baridi ile ya Nairobi inayoingia mifupani, na Mwenyekiti wetu, Bwana Kuria, alikuwa amekuja mjini kutoka Karen akiwa na kikohozi. Akaomba dawa, ile ya limau, asali na tangawizi inayouzwa kwa glasi kila mkahawa wa mjini. Stellah, katibu muhtasi wa Bodi, alikimbilia kantini, akakuta jagi mezani, akanusa limau, akanusa tangawizi, akaridhika. Aliyapasha moto yaliyokuwamo, akayapandisha juu na glasi ndogo.

Bwana Kuria alikunywa kwanza. Inasemekana macho yalimlowa, kisha akatamka: "Hii iko sawa. Inashuka." Baada ya hapo wakurugenzi wote walikunywa sosi ya saladi ya moto mpaka chini ya glasi, mafuta yakielea juu, na kila mmoja akapata faida yake. Mmoja alisikia kifua kikifunguka. Mwingine alisema mafuta yale ni ya kulainisha magoti. Mkurugenzi wetu mmoja anayekaa Kitisuru aliomba chupa ya kwenda nayo nyumbani, na tangu hapo huinywa alfajiri kabla ya kwenda kukimbia, jambo linaloeleza kwa nini siku hizi anakimbia kasi sana. Mwenyekiti akasema kantini inayotengeneza dawa kama hii haifungwi. Ajenda ikaahirishwa.

Mzee alipoambiwa alivua aproni apande juu akaseme ukweli. Kaluki alimzuia mlangoni. "Mzee, ukiongea tunaenda home sisi wote. Wacha wakunywe." Mzee aliwatazama wapishi wake mmoja mmoja, kisha akaivaa tena aproni. Tangu siku hiyo jagi limepanda ghorofa ya tisa kila mkutano. Alipewa hata cheti cha kinywaji bora, akakitundika nyuma ya mtungi wa gesi, maandishi yakiutazama ukuta. Jambo hilo lilimuuma, na liliniuma mimi kumwona. Mtu amehangaika miaka kutafuta namna ya kuwafanya watu wale majani, kisha anasifiwa na wakubwa ambao hawajagusa hata jani moja.

Wastaafu wetu hupewa tangi la maji. Mzee alipoulizwa anataka la ukubwa gani, alisema tangi analo. "Mimi nataka Mwenyekiti akule hiyo kitu na mboga. Mara moja tu, nikiwa hapo." Idara ya Wafanyakazi iliomba muda wa kutafakari, na bado inatafakari. Shida ni kwamba pendekezo la visanduku limerudi, na Bodi itakaa tena mwezi ujao. Ukweli ukitoka, kantini yaweza kumfuata msimamizi wake. Nilimwendea Kaluki nikitarajia naye atanizuia. Nilimkuta anaosha letusi. "Andika tu," aliniambia. "Nimechoka kupanda na hiyo jagi. Kama ni kufunga wafunge, lakini wakijua tulikuwa tunapika nini." Basi nimeandika.

Kwa hiyo, waheshimiwa wakurugenzi, mtaona mezani kwenu hakuna glasi ndogo. Kuna sahani ya letusi, karoti na parachichi, na kando yake lipo jagi mnalolijua. Halijapashwa moto. Korogeni kidogo kwanza, maana mafuta hupanda juu, kisha mmimine juu ya majani.

Mzee Muigai, tunakushukuru kwa afya uliyotupa kwa lazima. Tunakupenda, ingawa hukuwahi kutuuliza kama tunapenda karoti. Nenda ukapumzike Dagoretti, uwasumbue na wachinjaji wa huko, na Mungu akupe miaka mingi na presha ya chini. Ila usiondoke kwanza. Simama hapo hapo, karibu na meza kuu.

Bwana Mwenyekiti, karibu chakula. Sote tuna njaa, na hakuna anayeweza kuanza kabla yako.