Tumbo la Melania Lafika Kijiweni

Hakuna mahakama inayokata kesi upesi kama benchi la kahawa pale Bangwe, jirani na banda la kutengeneza injini za boti. Benchi lenyewe ni ubao wa mtumbwi uliokufa, tena limebeba wanaume wenye maneno mazito kuliko shehena ya meli. Kesi za mipaka, za mpira, za wake za watu, zote huisha kabla birika la Eliakimu, muuza kahawa, halijapoa. Lakini asubuhi hiyo Alphonce, fundi wa injini waliyembatiza Plagi, alishika kikombe bila kunywa. Mkewe, Melania, alitaka kwenda Dar es Salaam akapasuliwe tumbo, ngozi iliyolegea ikatwe na nyama za ndani zikazwe. Dada yake alishamshikia nafasi kwa daktari, Melania akabaki kungoja neno la mume kabla ya adhuhuri. Plagi aliogopa kusema ndiyo. Kusema hapana aliogopa zaidi.

— Mwakeye, Plagi! Kahawa hiyo unainywa au unaiombea?

Aliyesalimia ni Erasto, jina la kijiweni Redio, kwa kuwa tangu azaliwe hajapata kuzimwa.

— Mwakeye. Mama mapacha anataka kukatwa tumbo.

— Lina uvimbe?

— Halina. Limelegea tu, tangu wale mapacha. Anataka likazwe.

Redio akapiga paja.

— Samaki mkunje angali mbichi! Mwache akakunjwe. Akichelewa litakauka kama dagaa wa juzi, halikunjiki tena.

— Methali hiyo ni ya watoto, akasema Leonardi.

Leonardi ndiye Shahidi. Aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo huongea kama mtu aliyekwisha kula kiapo.

— Na tumbo limeharibiwa na nani? Redio akamrudia. Si watoto?

Eliakimu akacheka, akamwongezea Redio kahawa bila kuombwa.

— Daktari alimhoji sana kwenye simu, Plagi akaendelea. Uzito wako umetulia, au unapanda na kushuka? Maana huku siyo kupunguza unene, hiyo kazi ni ya mdomo na miguu. Unavuta sigara? Kidonda cha mvutaji hakifungi vizuri. Umemaliza kuzaa? Ukibeba mimba tena, kazi yote inalegea.

— Mmemaliza kuzaa? Shahidi akauliza.

— Aliulizwa yeye. Mimi sikuulizwa.

— Ego, sawa, basi sikiliza, Redio akasogea. Mafuta wanayotoa humo wanapeleka wapi? Sisi hapa mawese tunachemshia sabuni. Umewahi kujiuliza kwa nini sabuni za Dar zina povu kuliko zetu?

— Acha wewe! Shahidi akasema.

— Nyamaza, ndugu. Mimi nimeoga nazo. Siku moja nilijipaka, nikasikia mtu anakohoa.

Eliakimu akaweka birika chini, akashika kiuno kwa kicheko. Plagi hakucheka.

— Kovu litatoka nyonga hadi nyonga, akasema. Analazwa nusu kaputi, akiamka ana mirija ya kutoa maji. Halafu zaidi ya mwezi asibebe kitu. Ndoo, gunia la dagaa, mtoto, hakuna.

— Hayo madogo, Shahidi akakohoa kimahakama. Kitovu je? Nimesikia wanakitobolea njia mpya kwenye ngozi.

— Kweli, daktari alisema.

— Basi umekwisha. Kitovu cha Melania kimezikwa Kidahwe, nyuma ya nyumba ya baba yake. Akipewa njia mpya na daktari wa Dar, kwao ni wapi? Wakigawana shamba, kaka zake watasema: dada, kitovu hicho hatukitambui, nenda kadai hospitali. Mtaka cha mvunguni!

— Sharti ainame, Eliakimu akamalizia. Inahusu nini?

— Akiinama, mshono unafumuka. Unaona?

Wakaliona hilo kuwa zito, wakanywa. Redio akasogea tena, sasa kwa sauti ya chini.

— Mimi nakwambia kama ndugu yangu. Mwanamke hafagii uwanja kama hangoji mgeni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Neno hilo likamwingia Plagi mahali lilipokuwa limeshalala usiku kucha. Akaitazama kahawa.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Verediana, aliyetokea Ilagala na dumu la mawese, akingoja gari la kwenda mjini. Alikuwa mgeni kijiweni. Alinunua kikombe kimoja akanywa taratibu, na wanaume wakamsahau. Sasa akamgeukia Plagi.

— Samahani, baba mapacha. Linamuuma?

— Nini?

— Tumbo. Linamuuma?

Plagi akamtazama Redio, Redio akamtazama Shahidi, na Shahidi, mtu wa kiapo, akaanza kutafuta kitu mfukoni. Eliakimu akapangusa birika lililokuwa safi.

Plagi akaona kitu ambacho kila alfajiri huwa mbele ya macho yake: Melania anageuka ubavu, anashika ukingo wa kitanda, anajivuta, halafu anakaa kidogo kabla ya kusimama. Siku zote alidhani ni usingizi, au kununa.

Akaweka kikombe, kahawa ikiwa nusu.

— Fundi, unakwenda wapi? Kesi haijaisha! Redio akaita.

Plagi hakugeuka. Alishuka hadi mchangani, Melania alikokuwa anageuza dagaa walioanikwa, mkono mmoja kwenye fagio, mwingine kiunoni.

— Jibu? Melania akauliza bila kuinua kichwa.

— Sijafika huko. Linakuuma?

Fagio likasimama. Melania akamtazama midomo kwanza, kama anayehakikisha sauti imetoka humo.

— Mgongo zaidi, akasema. Kaa.

Plagi akakaa, hapohapo mchangani, katikati ya dagaa.