Saini ya Ng'ambo ya Mto

Basi la Omaha lilikuwa linakaribia daraja la kuvukia jimbo la Iowa, na Jolene Hruska hakuwa amenyamaza tangu apande. "Mwenzangu, miguu imevimba. Siku nzima nimesimama mlangoni pa duka naomba watu saini, katiba ya jimbo letu la Nebraska irekebishwe. Zikitosha, Novemba wananchi wanapiga kura."

Twyla, aliyekaa naye kiti kimoja, alikuwa ameshaichukua kalamu yake. "Lete nisaini."

"Unakaa wapi kwanza?"

"Ng'ambo. Iowa." Alilitaja kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Jolene akazivuta karatasi kifuani. "Pole, dada. Wanahesabu za wapiga kura wa Nebraska tu; ya mtu wa Iowa wanaifuta."

Twyla akaona wivu. "Sisi kwetu mpaka bunge la jimbo lipende ndipo tuulizwe. Lisipopenda, tunakaa kimya. Na wewe unanililia miguu?"

"Si uhamie huku basi," Jolene alisema akicheka, akashuka kituo cha mwisho kabla ya mto. Kisha akagonga dirisha. "Dada, kalamu yangu."

Twyla alikuwa anautazama mto kwa makini sana. Basi likaondoka, na kalamu ikavuka naye.