Isbrand Dueck na Kona ya Fremu, 1951–2023

Isbrand Dueck, tunayemzika leo Jumanne tarehe 21 Februari 2023, alizaliwa Jumapili tarehe 11 Machi 1951 nyumbani kwa wazazi wake, kijijini Blumenfeld, kusini mwa Winkler, Manitoba. Baba yake alikuwa Abram Dueck, mkulima wa ngano na alizeti, na mama yake Aganetha. Kati ya watoto saba alikuwa wa tano. Aliyemfuata ni Tina, na katika wote saba ndiye pekee aliyebaki. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Lorena Froese, binti wa Tina. Marehemu alimchagua mwenyewe, mwezi wa Novemba, kwa maneno machache: "Andika wewe. Wengine watanipaka asali."

Mama Aganetha alioka tweeback kila Jumamosi, ile mikate midogo ambayo kila mmoja humbeba mwenzake kichwani. Isbrand akiwa na miaka sita alikuwa akisimama mezani na kusukuma vile vichwa kwa kidole kimoja, polepole, aone kipi kitaanguka kwanza na kwa nini. Vilivyoanguka alivila. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu ama atakuwa fundi ama atakuwa mnene, na mnene hakuwa kamwe.

Alisoma shule ya kijiji, yenye chumba kimoja na mwalimu mmoja, tangu 1957 hadi 1965, kisha sekondari mjini Winkler. Mwaka 1969 alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Manitoba kusomea uhandisi wa mitambo. Baba yake hakufurahi; alimwambia kwamba hesabu ya ng'ombe anayoijua inatosha kumlisha. Alihitimu Mei 1973, na kama wahandisi wote wa nchi hii akavishwa pete ya chuma kwenye kidole kidogo cha mkono wa kazi. Katika sherehe ile wenzake walitamka kiapo. Yeye hakuapa, kwa sababu sisi wa kanisa hili hatuapi, neno letu ni ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. Aliyasema maneno yale yale kama ahadi tu, na hakuna aliyegundua tofauti.

Septemba mwaka huo aliajiriwa na kiwanda kimoja cha vyuma mjini Winkler, akakaa humo miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kujua kama fremu ya chuma itabeba mzigo wake kabla haijajengwa. Aliichora ndani ya kompyuta, akaikata vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, kama mpishi anavyokata trei ya keki, kisha akaitwisha fremu mzigo na kukiuliza kila kipande kimebanwa kiasi gani. Kompyuta ilijibu kwa rangi. Palipo na raha pakawa bluu, palipo na shida pakawa pekundu. Alikuwa hodari, na vijana wa kiwandani walimwogopa kidogo kwa sababu hakuwahi kusema "nadhani".

Tarehe 5 Julai 1975 alimwoa Elvira Hiebert wa Plum Coulee. Mara ya kwanza alipomtoa Elvira kwa matembezi, alisimamisha gari kando ya daraja la reli, akaingia chini yake kutazama jinsi lilivyoungwa, akasahau kutoka. Elvira alikuwa na sufu na sindano mkobani. Anasimulia kwamba alimaliza kufuma soksi nzima kabla mchumba hajarudi na magoti yenye tope, na kwamba ile ya pili aliifuma baada ya harusi. Walijaliwa watoto wawili, Kendall na Marlys.

Mwaka 1979 Tina aliolewa na Ben Froese, dereva wa lori la chakula cha mifugo. Ben na marehemu walipendana kwa kutaniana. Kila walipokutana mezani Ben alimuuliza, "Shemeji, bado wanakulipa kwa kupaka picha rangi?" Naye marehemu alijibu kwamba wanamlipa vizuri kuliko wanavyomlipa mtu wa kuwapelekea nguruwe uji. Kwa Isbrand huo ulikuwa mzaha mkubwa. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kumtoa mzaha kinywani.

Msimu wa vuli mwaka 2001 kiwanda kilipata kazi ya kujenga fremu ya kubeba tangi la shayiri kwenye ghala la chakula cha mifugo: miguu minne, tani thelathini na nane juu, na nafasi ya lori kupita chini likijazwa. Marehemu aliipima. Fremu yote ilitoka bluu na kijani, isipokuwa mahali pamoja, kwenye kona ya ndani ambapo mhimili wa mshazari hukutana na mguu. Hapo palikuwa pekundu. Alipokata vipande vidogo zaidi, namba ya pale ilipanda. Akakata tena, ikapanda tena.

Wanaojua kazi ile wanalijua jambo hilo, na marehemu mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana wake. Kona iliyochorwa kali kabisa haina upana, na mzigo unaobanana mahali pasipo na upana hutoa namba isiyo na kikomo. Ni kelele za hesabu. Chuma cha kweli huwa na uviringo kidogo pale fundi alipochomelea, na uviringo ule huutawanya mzigo. Kwa hiyo mtu hupaswa kutazama kando kidogo ya kona na kusoma namba ya pale. Alitazama kando, akaiona namba ni salama. Pembeni ya ripoti akaandika kwa penseli, "Kona kali. Si halisi. Ipuuzwe," akatia herufi za jina lake. Ndivyo vitabu vinavyosema, na mhandisi yeyote angeandika vile vile.

Jumanne tarehe 27 Januari 2004, saa tatu asubuhi, kukiwa na baridi ya nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, mguu wa fremu ile ulikatika na tangi likaanguka. Ben alikuwa chini yake, amesimama nje ya lori akifungua mfuniko. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Chuma kilikuwa kimepasuka kwenye kona ile, au karibu nayo sana. Pale ufa ulipoanzia palikuwa pamesagika, na hakuna aliyeweza kusema ulianza ndani ya kona au pembeni yake.

Baada ya maziko ya Ben, chini kwenye ukumbi wa kanisa hili, watu walipokuwa wakinywa kahawa na kula mikate ya zabibu, Isbrand alimwendea dada yake. Alikuwa amejiandaa kumpa pole. Tina hakumpa nafasi.

"Kaka, sitaki pole," alimwambia. "Niambie tu. Ni wewe au si wewe?"

"Nipe muda," alisema. "Nihesabu."

Uchunguzi ulifanyika Oktoba mwaka huo mbele ya jaji, mjini Morden. Walipomletea Biblia marehemu aliikataa, akatoa neno lake tu. Mwanasheria wa serikali alimwonyesha ile picha yenye kona nyekundu, akamuuliza kama wekundu ule ulikuwa wa kweli au haukuwa wa kweli. Lilikuwa swali la neno moja, lililoulizwa kwa mtu aliyelelewa katika ndiyo na siyo. Jaji alilazimika kumuuliza kama amelisikia swali. Akasema hajui. Ripoti ilitaja mambo matatu yaliyowezekana: baridi, uchomeleaji mbaya, au lori lililowahi kuugonga mguu ule. Ikamaliza kwa kusema kwamba hakuna anayeweza kulaumiwa. Watu wengi wa kanisa hili walimshika mkono siku ile wakamwambia kwamba yamekwisha. Tina hakumshika mkono, wala hakumnyima. Alimuuliza kama amemaliza kuhesabu.

Marehemu aliacha kazi Desemba 2004. Kila Jumamosi, baada ya kifungua kinywa, alishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake na kuipima fremu ile upya. Alinunua kompyuta, ikazeeka, akanunua nyingine. Nne kwa jumla. Alianza na vipande elfu arobaini na akafikia milioni sitini. Kwa kipimo cha mbano wanachotumia wahandisi, chuma kile kilivumilia mia tatu na hamsini. Kona ilimpa mia nne na themanini, kisha mia saba, kisha elfu moja mia moja na hamsini. Alijua kwa nini inapanda kuliko mtu yeyote katika mkoa huu. Elvira alimwomba aache, akamwomba tena, kisha akazoea kumshushia kahawa na kupanda tena.

Kitu kimoja kingempa jibu, nacho ni uviringo wa kona yenyewe, milimita chache za chuma kilichochomelewa. Mwaka 2006 alipiga simu kwa watu wa bima kuomba kipande kile. Waliangalia kwenye karatasi zao wakamwambia kiliuzwa kama chuma chakavu kiangazi kilichopita na kilikwisha kuyeyushwa. Akamtafuta mchomeleaji, Wilhelm Harder, aliyekuwa amehamia kwa ndugu zetu wa imani walioko Bolivia. Barua ilichukua miezi mitatu kwenda na kurudi. Harder alijibu kwa heshima kwamba mwaka ule alichomelea fremu kama mia tatu na hakumbuki hata moja.

Lorena, anayeusoma wasifu huu, alimchukia mjomba wake kwa miaka saba. Halafu mama yake akaacha kuendesha gari wakati wa theluji, na mjomba naye macho yakaanza kumsumbua, ikawa kazi ya Lorena kumleta nyumbani kwa Tina kila sikukuu ya pili ya Krismasi, tarehe 26 Desemba. Walikaa jikoni, kaka na dada, na sahani ya jibini katikati. Hawakugombana hata mara moja. Kabla kahawa haijapoa Tina aliuliza, "Umemaliza?" naye akajibu, "Bado," kisha wakazungumzia bei ya alizeti. Hakuna aliyejua namna ya kuwasaidia. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, tumefundishwa hivyo sote, lakini Lorena aliyaona mapenzi hayo yakiwala watu wawili waliopendana, mwaka baada ya mwaka, na akatamani mjomba wake angekuwa mwongo kidogo tu kama watu wengine.

Septemba 2022 marehemu alianza kupungua mwili. Madaktari walikuta saratani ya kongosho, imekwisha kusambaa. Hakutaka matibabu marefu. Jumanne iliyopita, tarehe 14 Februari, Tina alipelekwa hospitalini kumwona. Lorena alikuwepo, na aliyoyasikia ni haya.

"Kaka, umemaliza?"

"Haimaliziki, Tina. Nikiweka uviringo wa milimita moja, ni mimi. Nikiweka tatu, si mimi. Na ule wa kweli walishauyeyusha."

"Kwa hiyo ungeweza kusema lolote."

"Ningeweza."

"Ungeniambia si wewe, ningekuamini. Ningekuamini siku ile ile, pale kanisani."

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

"Basi ungesema ni wewe. Ningekuchukia, halafu ningechoka. Ningekuwa nimeshachoka zamani."

"Na kama si mimi?" aliuliza.

Tina alimfunga kifungo cha juu cha shati la kulalia, akamnywesha maji kwa mrija, akavaa koti lake. Marehemu alifumba macho kabla hawajafika mlangoni.

Alifariki Alhamisi tarehe 16 Februari 2023, saa kumi alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Kwa hesabu ya kwetu aliishi miaka sabini na mmoja, miezi kumi na mmoja na siku tano.

Rasimu ya kwanza ya ukurasa huu ilikuwa na sentensi iliyopendekezwa na mchungaji, kwa nia njema, kwamba Isbrand sasa yuko mahali ambapo maswali yote yamejibiwa. Tina aliifuta kwa kalamu. Alisema huenda ni kweli, lakini kujua kwa Isbrand huko aliko hakumsaidii yeye aliye hapa.

Marehemu ameacha mjane, Elvira. Mwanawe Kendall na mkewe Rhonda wa Brandon. Binti yake Marlys wa Winnipeg. Wajukuu watatu, Teagan, Joel na Annika. Mpwa wake Lorena. Na dada yake Tina Froese, mwenye miaka sitini na minane, aliyengoja neno moja kwa miaka kumi na tisa na ambaye kuanzia leo hana wa kumngoja.

Mungu na ampe amani huko aendako, kwa sababu sisi huku hatukuweza kumpa.