Kikombe cha Ukweni

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Kifuniko, jina ambalo, tuseme kweli, tulimpa kwa kumcheka.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, wa tatu kati ya watoto sita, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1979 akaajiriwa hospitalini kufua mashuka, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu. Mlipuko wa kipindupindu ulipozuka alifua mashuka ya wodi ile, akarudi nyumbani mtu mwingine: maji aliyachemsha mpaka yatokote, akayaacha yapoe yamefunikwa, kisha akayatia kwenye ndoo safi yenye koki, mtu asichovye mkono wala kikombe. Mwaka 1984 aliolewa na shemeji yetu, fundi cherehani, aliyezoea kusema, "Huyu angeweza, angefunika hata mvua." Walijaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na hakuna aliyewahi kulazwa kwa kuhara.

Akienda kwa watu alibeba chupa yake, nasi nduguze tukamsema kwamba anaringa, anawaona wenzake wachafu. Tarehe 2 mwezi huu tulimsindikiza ukweni kwa binti yake mkubwa, kumwona mjukuu mchanga. Mkwe wetu, baba mzazi wa mume wa binti, alichota maji kwenye pipa lililokuwa wazi, akampa mbele ya wote: "Mama, hapa ni kwenu, au maji yetu hayanyweki?" Binti akainamisha uso, na sisi sote tukamkazia dada macho, tukimsihi kimyakimya asituaibishe. Akanywa, akashukuru.

Tarehe 4 alianza kuhara na kutapika. Tulichelewa kumpeleka hospitali, kwa kuwa kila mmoja wetu aliona haya kusema alichokunywa. Alimwambia binti yake, "Ukweni usigombane na mtu, mwanangu, ila maji yako chemsha mwenyewe." Alifariki alfajiri ya tarehe 6. Mjukuu ni mzima, bado ananyonya tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotubeba, na wafuaji wenzake wa zamani, waliofua mashuka yake ya mwisho kwa mikono yao.

Mkwe wetu naye aliugua, ndiyo kwanza ametoka wodini, na tangu asubuhi amesimama nje ya uzio, haoni pa kuweka uso wake. Mpisheni aingie, akae hapa mbele na sisi, maana aibu hii si yake peke yake.

Dada, pumzika kwa amani, utusamehe.